Aliyevuta Handibreki

Mwalimu alipenda kusema kwamba yeye na gari wamezaliwa siku moja, na kwa kuwa alilisema mara nyingi, watu walikuwa wameshachoka kumbishia. Kwao alikuwa na shule ya udereva: chumba kimoja chenye ubao, mabenchi manne, na gari dogo la kufundishia lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya kumwokoa mwanafunzi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi kiti cha pembeni akiwapigia kelele vijana, wake za watu, hata mchungaji mmoja mzee aliyekuwa akifumba macho kila alipoona lori linakuja. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mkewe alimwita Mwalimu, mama mkwe alimwita Mwalimu, na hata mbwa wa jirani, nadhani, angeweza kusema, angemwita Mwalimu.

Sasa mtu wa namna hiyo umpeleke nchi ya watu, katikati ya majira ya baridi, barabara nyeupe huku na huku, halafu umwambie akae kiti cha nyuma aendeshwe na shemeji yake. Jaribu wewe kama unaweza.

Shemeji mwenyewe, dada mdogo wa mkewe, alikuwa muuguzi katika hospitali ya nchi ile, mwaka wa nane sasa. Ndiye aliyewaita. "Njooni likizo hii," alisema kwenye simu, "mama aione theluji kabla magoti hayajamgomea kabisa." Wakaja wanne: Mwalimu, mkewe, mama mkwe, na binti yao wa miaka kumi na miwili ambaye ukoo mzima ulimwita Karani, kwa sababu hakuachana na daftari lake na aliandika kila alichokiona, hata idadi ya ngazi.

Nyuma ya likizo hiyo palikuwa na jambo jingine ambalo kila mtu alilijua na kila mtu alilisema kwa sauti ya chini. Shemeji hakujaliwa mtoto, na alitaka Karani abaki naye, asome kule mwaka mmoja kwanza, halafu waone. Karani naye alilitaka jambo hilo mpaka likawa linamnyima usingizi. Kwa miezi sita alikuwa akijifunza lugha ya watu wale peke yake, na sasa aliweza kuhesabu hadi elfu, kuomba maji, na kusema "samahani, sikukusudia" bila kukosea. Wazazi walisharidhia. Neno la mwisho lilikuwa la mama mkwe, maana katika ukoo ule jambo ambalo Bibi hajalisema ni jambo ambalo halijasemwa. Na Bibi alikuwa amesema hivi tu: "Nitamtazama huko safarini, kisha nitawapa jibu."

Wakakodi gari la siku tatu kwenda milimani, kwenye ziwa ambalo baridi hulifanya gumu hadi watu hutembea juu yake na viatu vyao. Shemeji alinyoosha mkono achukue ufunguo. Mwalimu akacheka kicheko chake cha darasani.

"Shem, wewe pumzika. Unahudumia wagonjwa mwaka mzima, na siku ya likizo uendeshe tena?"

"Barabara za huku zina vituko vyake wakati huu, shem."

"Gari ni gari."

Mama mkwe akamaliza ubishi. Alijitupia blanketi magotini, akaegemeza kichwa, akasema, "Mimi mkwe wangu akishika usukani nalala." Na kweli akalala. Mwalimu alisikia maneno yale yakimshuka kifuani vizuri, kama chai ya moto. Kusema haki, siku ile ya kwanza aliendesha vizuri sana. Alikwenda polepole, aliacha nafasi, hakukanyaga breki kwa pupa, na kila baada ya kona alitazama kioo aone kama mama mkwe bado amelala.

Jioni, jua likiwa bado linaonekana kidogo juu ya mapaa, wakafika kwenye nyumba ya wageni. Shemeji alitangulia mlangoni na mizigo, akageuka, akapaza sauti: "Shem! Handibreki usivute! Baridi ya huku inaigandisha! Weka gia tu, inatosha!"

"Nimesikia!"

Alikuwa amesikia. Hilo lazima lisemwe mapema, tusije tukamtafutia udhuru. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa ya kuwaambia watu kwamba asiyevuta handibreki hajaegesha, amelitupa gari. Ikavutika. Akashtuka. Alikuwa na nafasi ya kuishusha, wala hakuna aliyekuwa akimtazama. Lakini hapo moyoni kikamjia kisauti: yaani nesi ndiye wa kunifundisha mimi kuegesha gari? Basi badala ya kuishusha akaongeza tena, tik, tik, mpaka ikagota. Kisha akazima, akashuka, akapiga mlango kwa raha zake.

Baadaye kidogo Karani akaomba ufunguo. Alikuwa amesahau glavu zake kiti cha mbele. Baba akampa. Akaenda, akarudi, akarudisha ufunguo kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Asubuhi walikuwa na ratiba. Shemeji alikuwa nje akikwangua barafu kwenye kioo cha mbele, wengine wote wameshaingia nyuma, Bibi katikati. Mwalimu akawasha, akashusha handibreki kimyakimya, akatia gia. Gari likaguna. Akaongeza mafuta. Likasogea hatua mbili, lakini kwa namna ya ajabu: magurudumu ya mbele yanazunguka, ya nyuma yamekataa katakata, yanaburutwa juu ya barafu kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Mwalimu alijua papo hapo. Alijua kama vile mtu anavyojua kwamba ameacha jiko linawaka.

Shemeji akafungua mlango. "Shem, ulivuta handibreki?"

Hapa ndipo ilipokuwa njia panda yake, na ilikuwa njia fupi tu. Neno moja: nilivuta. Wangecheka, wangemtania hadi siku ya kurudi, yakaisha. Lakini alimwona mama mkwe kwenye kioo, macho yake yamefunguka, anasubiri kusikia mkwe wake atasemaje. Ulimi ukamwendea kombo.

"Mimi? Baada ya wewe kuniambia? Nimeikuta imevutwa asubuhi hii."

Na kweli alikuwa ameikuta imevutwa asubuhi ile. Ukweli wa namna hiyo ni mbaya kuliko uongo mtupu.

"Sasa nani aliingia humu baada yako?" mkewe akauliza.

Mwalimu hakumtaja mtu. Baadaye alijitetea nafsini kwa hilo, kwamba hakutaja mtu. Aliinua macho tu, akatazama kwenye kioo, akayaacha macho yake pale pale kwa binti yake, na wote wakageuka kufuata macho yake.

"Karani," mama yake akasema, "jana ulipofuata glavu ulivuta kitu?"

"Hapana, Mama. Sikugusa kitu."

"Huenda ni bila kujua," Mwalimu akasema. Alisema kwa upole kabisa, sauti ileile anayomtolea mwanafunzi mwoga. "Umeinama, goti limepita pale katikati, limeibeba. Hutokea. Wala si kosa kubwa."

Karani akatazama goti lake.

"Samahani, Bibi," akasema. "Samahani, Mama Mdogo."

Bibi hakupandisha sauti. Hakuwa na haja. "Mama zako wadogo na wajomba zako wote niliwalea mimi. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kuchezea vitu vya watu," alisema, kisha akarudi kwenye chumba chenye joto akitembea na fimbo yake, mkewe Mwalimu kamshika kiwiko. Mwalimu akabaki na usukani mkononi. Masikio yalimwaka moto katika baridi ile, na hakuthubutu kugeuka nyuma.

Ilibidi Shemeji apige simu huku na kule hadi apatikane fundi. Alikuja baada ya saa moja na nusu, mwanamume mnene mwenye kofia ya masikio, na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Akalala chini juu ya gunia, akapuliza gurudumu la kushoto, akaligonga kwa nyundo, akapuliza tena. Mwalimu alisimama juu yake, mikono mifukoni. Zile pedi za breki, ile ngoma ya gurudumu, ule waya unaopita chini hadi mbele, vyote hivyo alikuwa akivichora ubaoni kila Jumatatu. Sasa alikuwa amesimama hapo mjinga kuliko wanafunzi wake wote. Fundi akasema kitu, akacheka mwenyewe.

"Anasemaje?" mkewe akauliza.

Shemeji hakutafsiri mara moja. Alimtazama Mwalimu kwanza. "Anasema aliyevuta hii ana mkono mzito. Anasema imevutwa hadi mwisho, kwa nguvu zote."

Karani alikuwa amesimama karibu na ndoo ya fundi. Akavua glavu moja, akautazama mkono wake, ukubwa wake, akaurudisha ndani ya glavu. Mwalimu aliona. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imeganda.

Fundi alipoondoka, mkewe akamvuta kando. Wawili hao walikuwa pamoja miaka kumi na minne, na mwanamke yule alimjua mumewe kuliko anavyojijua.

"Mume wangu. Niambie mimi tu. Si wewe?"

"Na wewe unaniuliza hivyo?" Akatoa macho. "Miaka kumi na tisa nafundisha!"

"Basi yaishe," mkewe akasema. Hakuonekana kama mtu ambaye yameisha. Jibu lile la Mwalimu likawa uongo wa pili, na safari hii hakuwa hata na macho ya kujificha nyuma yake. Huu aliusema kwa kinywa kizima.

Wakaondoka. Njiani hakuna aliyelala. Ile milima waliyoifuata kwa maelfu ya maili ilikuwa mbele yao, imesimama myeupe na bluu, na hakuna aliyesema "tazama." Karani ambaye jana alikuwa akitangaza kila kibao na kila daraja leo alikaa amekodoa macho kwenye kile kijishimo kati ya viti viwili vya mbele ilipo handibreki. Mara mbili Mwalimu alimwona kwenye kioo akiinua goti kidogo na kulishusha, akilipima. Hakuelewa anafanya nini. Alidhani mtoto amekufa ganzi. Tena, aibu iliyoje kuikiri, kuna sehemu ya njia ambapo alimsifu moyoni: huyu mtoto ana adabu, anajua ni mimi na amenisitiri. Akajiahidi atamnunulia kitu kizuri.

Saa saba wakasimama kula kwenye mgahawa wa kando ya barabara. Meza za mbao, madirisha yenye ukungu, makoti yamening'inizwa ukutani yanachuruzika maji. Bibi alikunywa supu yake taratibu, akafuta midomo, akaweka kijiko. Kijiko kile kilipowekwa, wote waliacha kutafuna.

"Kuhusu mtoto," alisema, "mniwie radhi. Nimemtazama. Nampenda, damu yangu. Lakini mtoto anayegusa vitu halafu anasema hakugusa, huwezi kumwachia mtu katika nchi ya wageni. Hapa mdogo wenu anaishi peke yake, anafanya kazi zamu. Atamchunga saa ngapi? Arudi nyumbani. Akikua tutazungumza tena."

Shemeji akainamisha kichwa. Akaanza kusema, "Mama, lakini..." Bibi akanyanyua kidole, na lakini ikafia hapo hapo.

Karani hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Alisema, "Sawa, Bibi. Naomba unisamehe," akaomba ruhusa, akachukua koti lake, akatoka nje. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa.

Mwalimu alikuwa ameshika uma. Akauweka kando ya sahani. Mwaka mzima wa maisha ya mtoto wake ulikuwa umeondoka mezani pale kwa sababu ya tiki mbili za kiburi, na bado, wallahi, bado alijisikia anatafuta njia ya tatu. Aseme ilikuwa bahati mbaya? Aseme hakumbuki? Aongee na Bibi faragha baadaye? Alizipitia zote.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyeuliza ni yeye nini.

"Handibreki nilivuta mimi. Shem aliponiambia, nilikuwa nimesikia. Nikaivuta kwa makusudi, nikaongeza. Mtoto hakugusa. Hakugusa hata kidogo."

Shemeji alipumua kwa nguvu. "Nilijua tangu kwa fundi, shem. Nilikuwa nakusubiri."

Mkewe alisogeza kiti chake pembeni, si mbali, kiganja kimoja tu.

Mama mkwe alivuta mtandio wake ukamfunika nusu ya uso. Mwalimu alingoja akaripiwe. Angefurahi kukaripiwa, angepigwa hata fimbo angeshukuru. Lakini yule mama hakumtazama. Alimgeukia binti yake na kusema kwa utaratibu, kama anayezungumzia mtu ambaye hayupo: "Mwambie mumeo chakula chake kinapoa." Kisha akaongeza: "Nimemwaibisha mjukuu wangu kwa kosa la mtu mzima. Mtoto atabaki kwa mama yake mdogo. Nimeshasema."

Basi. Jambo lilikuwa limetengenea. Mwalimu aliinuka bila koti, akatoka kumfuata binti yake, na pamoja na aibu yote aliyoibeba mgongoni alikuwa na kijifuraha kidogo kifuani, kwa kuwa angalau alikuwa na habari njema ya kupeleka.

Karani alikuwa amesimama kando ya gari. Mwalimu akapiga magoti mbele yake kwenye theluji ili macho yao yawe sawa. Hakuwahi kumpigia mtu magoti tangu siku ya posa.

"Mama yangu," akamwambia. Hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa mdogo. "Nimewaambia. Nimewaambia wote ni mimi niliyevuta. Bibi amekubali, unabaki. Nisamehe. Nilikusingizia, na wewe ukaninyamazia, ukanisitiri baba yako mbele ya watu."

Karani akamtazama bila kuelewa. "Sikukunyamazia, Baba."

"Ulijua hukugusa. Ungeweza kukataa."

"Nilikataa. Halafu ukasema ni bila kujua." Alizungumza polepole, anayapanga maneno. "Wewe mambo ya gari hukosei. Kwa hiyo nikaanza kukumbuka vizuri. Kwanza nilikumbuka goti halikupita pale. Nikakumbuka tena. Sasa nakumbuka lilipita. Nimesikia kabisa, tik, tik."

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hapana, mwanangu. Sikiliza. Ile tik tik ni mimi. Ni mkono huu hapa. Wewe hukuwepo."

"Mimi nimeisikia, Baba."

"Hukuisikia! Nakuapia!"

Alikuwa amemshika mabega, na sauti yake ilikuwa imepanda ikawa ile ya kwenye gari la kufundishia. Karani akaangalia chini. Kisha akamgusa baba yake shavuni kwa glavu, kwa huruma, jinsi watu wazima wanavyomgusa mgonjwa anayeng'ang'ania kwamba amepona.

"Ahsante kwa kunisaidia, Baba," alisema. "Lakini usijisingizie kwa ajili yangu. Sitaki kubaki huku kwa uongo."

Akajitoa mikononi mwake taratibu, akarudi mgahawani kumwambia bibi yake ukweli. Mwalimu aliita jina lake, lile halisi, mara mbili. Mtoto aligeuka mlangoni, akatabasamu ili baba asihuzunike, akaingia ndani.

Mwalimu alibaki amepiga magoti pale pale, suruali ikilowa.